Ugonjwa Usiotoka kwenye Mtihani

Mwanafunzi wa udaktari aliyebakiza wiki mbili kuingia mtihani wa wodini huuliza swali moja juu ya kila ugonjwa anaofundishwa: hii hutoka? Asiyeyajua maisha hayo atadhani ni uvivu, au ni woga tu wa sapu, yaani mtihani wa marudio. Kumbe swali hilo lina historia ndefu kuliko vitabu vingi alivyobeba mkobani. Kwa zaidi ya miaka 180, tangu ilipoanza desturi ya kumpima tabibu mtarajiwa mbele ya mgonjwa, orodha ya magonjwa yanayotoka imekuwa ikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza inajulikana na kila mtu, nayo ni kuchuja wanaofaa na wasiofaa. Ya pili haitajwi: humzoesha daktari, kwa maisha yake yote ya kazi, nini akione na nini akipite. Ninadai kwamba kazi hii ya pili imekuwa na nguvu kuliko ya kwanza, na kwamba Afrika Mashariki, ambako orodha ililetwa ikiwa imeshaandikwa kwingine, ndiko nguvu hiyo inakoonekana waziwazi. Magonjwa kadhaa makubwa ya eneo hili yalilazwa wodini miaka nenda miaka rudi, yakapimwa joto, yakafunguliwa mafaili, na hayakutambuliwa. Madaktari walioyakosa hawakuwa wazembe. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza habari zake.

Desturi yenyewe ilianzia Cambridge. Kabla ya hapo, digrii ya tiba katika vyuo vikuu vya kale vya Uingereza ilipatikana kwa kubishana kwa Kilatini na kujibu maswali ya vitabuni. Mtu aliweza kuvikwa joho bila kuthibitisha kwamba amewahi kushika mkono wa mgonjwa akahesabu mapigo. Mwaka 1842 daktari George Paget alifanikiwa kuingiza mtihani wa kando ya kitanda, kwa wagonjwa halisi, na huo ndio unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake nchini humo. Ulikuja wakati mwafaka. Leopold Auenbrugger wa Vienna alikuwa ameshaeleza mwaka 1761 namna ya kugonga kifua na kusikiliza sauti inavyobadilika, na René Laennec wa Paris alikuwa amebuni stetoskopu mwaka 1816. Tabibu alikuwa amepata ufundi wa vidole na masikio ambao mtu mwingine angeweza kuukagua na kusema huu ni sawa, huu si sawa. Sheria ya mwaka 1858 ikaunda baraza la kusajili madaktari. Ile ya 1886 ikataka kila anayesajiliwa awe amefaulu tiba, upasuaji na ukunga. Sura ya mtihani ikatulia, nayo ikadumu karne nzima: kwanza mgonjwa mmoja ambaye mtahiniwa huachiwa kwa muda mrefu amhoji na kumpima peke yake, kisha aje kujieleza mbele ya watahini, halafu wagonjwa wa haraka haraka, kitanda hadi kitanda, shika tumbo hili, sikiliza moyo huu, niambie umekuta nini na utafanya nini.

Lakini ni mgonjwa yupi anayeweza kuletwa kwenye mtihani kama huo? Lazima awe na dalili isiyobadilika, ili wanaomshika asubuhi na watakaomshika mchana wakute kitu kilekile. Lazima awe na nguvu za kukaa saa kadhaa akibonyezwa tumbo na watu asiowajua. Tena dalili yake lazima iwe na ugumu wa kutosha kumtenga hodari na mbabaishaji. Masharti hayo yanamwalika mtu ambaye valvu ya moyo wake imesinyaa kwa miaka, mwenye bandama iliyojaa tumbo, mwenye mguu uliopooza ukabaki hivyo hivyo. Yanamfukuza mtoto anayehema mara 60 kwa dakika, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kijana aliyeshikwa na homa ya uti wa mgongo usiku wa kuamkia leo. Kwa umbile lake, mtihani wa kitandani hupenda magonjwa yanayokaa na huyaacha yanayoua upesi. Hilo halikupangwa na mtu yeyote kwa nia mbaya. Lakini kinachoulizwa ndicho kinachosomwa, na kinachosomwa usiku mara 20 ndicho kinachomjia daktari kichwani saa nane za usiku akiwa zamu peke yake.

Desturi hii ilifika Afrika Mashariki pamoja na Makerere. Chuo kilifunguliwa Kampala mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mafunzo ya utabibu yakafuata muda mfupi baadaye katika hospitali ya Mulago, na kwa miaka 40 hivi huko ndiko vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar walikokwenda kusomea udaktari, mpaka Dar es Salaam ilipopata shule yake mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Wahitimu wa mwanzo walipewa vyeo vya usaidizi, chini ya madaktari Wazungu waliokuwa wakifanya kazi ileile. Njia ya kutoka hapo ilikuwa kuonyesha kwamba Mulago inauliza kinachoulizwa Uingereza, kwa ukali uleule, mbele ya watahini wa nje. Siudharau ushindi huo. Bila huo daktari Mwafrika angeendelea kuitwa msaidizi hadi uhuru na pengine baada yake. Ila aliyetaka cheti chenye uzito sawa ilimpasa akubali na orodha iliyokuja nacho, orodha iliyotokana na wodi za London na Edinburgh, ikiongezewa sura ya magonjwa ya joto kama kiambatisho.

Unyafuzi, au kwashakoo kama wengi wanavyouita kliniki, ulikuwepo katika wodi hizo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi, aliyekwisha kuachishwa ziwa, huvimba miguu na uso, nywele hubadilika rangi na kunyonyoka, ngozi hubabuka, naye huwa mnyonge kiasi cha kutotaka hata kuchezewa. Dalili hizi hazihitaji stetoskopu. Jirani huziona akiwa mlangoni. Hata hivyo, hadi miaka ya 1930 madaktari wa eneo hili walimwandikia mtoto huyo majina ya magonjwa waliyoyasomea wao: safura, kaswende ya kurithi, na baadaye pelagra. Mwaka 1933 Cicely Williams, aliyekuwa daktari Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alieleza kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake unaotokana na lishe, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina alilolipata kwa akina mama wa Accra. Alipingwa vikali. Hugh Stannus, bingwa wa pelagra aliyeheshimika, alishikilia kwamba Williams ameona pelagra ya watoto, basi. Hugh Trowell, aliyefundisha Mulago, naye kwa muda aliuita hivyo hivyo, akautibu hivyo, na watoto wakaendelea kufa. Sifa yake ni kwamba hakulinda jina lile. Kitabu alichoandika na Jack Davies na R. F. A. Dean juu ya kwashakoo, kilichotoka mwaka 1954, kiliweka ugonjwa huo mahali pake. Mwaka 1965 Mulago ikawa na kituo cha lishe cha Mwanamugimu, ambako mama alifundishwa kumpikia mwanawe kwa vyakula vinavyopatikana kwake. Miaka zaidi ya 30 ilipita kati ya ripoti ya kwanza ya Williams na kituo hicho, kwa ugonjwa ambao kipimo chake ni macho na tiba yake kubwa ni chakula.

Mfano mwingine una uzito zaidi, kwa kuwa ushahidi wake umekaa kwenye karatasi. Albert Cook alifungua hospitali ya misheni ya Mengo mwaka 1897, naye alikuwa mtu wa kumbukumbu. Aliandika wagonjwa wake na hata kuwachora. Miongoni mwa michoro hiyo wamo watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Karatasi zikakaa kabatini miongo kadhaa. Mwaka 1957 Trowell alimwita daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, amwangalie mtoto wa miaka mitano huko Mulago. Taya zilikuwa zimevimba pande zote nne, kushoto na kulia, juu na chini. Meno yamelegea, uso umepotoka. Usaha wa mfupa hauendi pande nne kwa pamoja, wala uvimbe wowote aliousomea hauendi hivyo. Burkitt alipiga picha, akaondoka bila jibu. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Safari hii akashika na tumbo, akakuta uvimbe humo pia. Ndipo aliporudi kwenye mafaili ya Mulago. Watoto walikuwa wengi. Aliyevimba taya aliandikwa saratani ya taya, aliyevimba jicho saratani ya jicho, mwingine ya figo, mwingine ya ovari. Vitabu vilipanga saratani kwa kiungo, na kila mtoto alikuwa amewekwa chini ya kiungo chake. Mafaili yalipokusanywa mezani pamoja, ulikuwa ugonjwa mmoja.

Burkitt aliutangaza mwaka 1958. Wanapatholojia wa Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, wakaonyesha kwamba ni saratani ya tezi za limfu na kwamba ndiyo iliyokuwa ikiwapata watoto wa Uganda kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kusafiri kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha: umewahi kuona mtoto wa hivi? Mengi yalifuata: ramani ya ugonjwa iliyofuata joto na mvua, virusi vilivyotambuliwa London mwaka 1964 na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kutoka vipande vya nyama vilivyosafirishwa kwa ndege toka Uganda, na dawa zilizowaponya baadhi ya watoto ambao kisu kisingewaokoa. Kinachonihusu hapa ni kidogo kuliko hayo yote. Saratani iliyoongoza kwa watoto wa nchi nzima ilikaa miaka 60 katika hospitali zenye madaktari waliofaulu mitihani migumu, na hakuna aliyeiona kuwa kitu kimoja.

Mtu atasema: lakini Burkitt huyohuyo alikuwa zao la mitihani hiyo. Alisoma Dublin, akafaulu mtihani wa mabingwa wa upasuaji wa Edinburgh mwaka 1938. Trowell, Williams na Cook nao hali kadhalika. Kama mtihani unapofusha, hawa walipata wapi macho? Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake nakubaliana nayo kabisa. Mtihani ndio uliowafundisha kushika tumbo kwa mpangilio, na laiti Burkitt asingeshika tumbo la mtoto wa Jinja, hadithi ingeishia kwenye taya. Lakini tazama alichofanya ili afike alikofika. Aliacha kuuliza huyu mtoto ana ugonjwa gani kati ya ninayoyajua, akaanza kuhesabu watoto wenyewe: wangapi, wa wapi, wana uvimbe wapi na wapi. Kazi hiyo haikuwa na alama katika mtihani wowote wa wakati ule, na kwa kweli hata leo sidhani kama kuna mtahini anayempa mtahiniwa jambo lisilo na jina akamsifu kwa kusema sijui, ila ninataka kuona mafaili ya wengine. Mtihani ulimpa mikono. Kutambua kulitoka katika daftari la wodi.

Miaka 25 baadaye jambo likajirudia, na safari hii waliotangulia kuona walikuwa wananchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakazi wa Rakai kusini mwa Uganda walikuwa tayari wanauita Slim ugonjwa uliokuwa ukiwakondesha vijana hadi kufa. Ng'ambo ya mpaka, Kagera, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa huko siku hizo. Maelezo ya kitabibu ya UKIMWI yaliyokuwepo yalitoka Marekani, na mgonjwa aliyeelezwa humo alikuwa kijana wa kiume wa mjini mwenye nimonia ya aina adimu. Mkulima wa Rakai mwenye kuhara kwa miezi, homa isiyokatika na ngozi iliyojaa vipele hakufanana naye. Ilikuwa Oktoba 1985 ndipo David Serwadda, Nelson Sewankambo na wenzao walipochapisha makala yao katika jarida la Lancet, wakieleza Slim kwa sura iliyokuwa nayo Uganda na kuonyesha uhusiano wake na virusi. Mwezi huohuo WHO iliitisha mkutano Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukatunga maelezo mapya kwa nchi zisizo na vipimo: kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, kuhara zaidi ya mwezi, homa zaidi ya mwezi, na dalili ndogo za kuandamana nazo. Orodha ile haikuwa kamilifu. Mgonjwa wa kifua kikuu asiye na virusi aliweza kuingia humo kwa urahisi, na wengine waliingia. Pamoja na dosari hiyo ilikuwa imeandikwa kutoka kwa wagonjwa waliokuwepo.

Ningesema hayo ni ya kale kama si homa. Kwa vizazi viwili jibu la mgonjwa mwenye homa katika mitihani yetu na katika zahanati zetu lilikuwa malaria, na lilikuwa jibu la busara pale malaria ilipotapakaa na maabara haikuwepo. Kisha watu wakapima. Hugh Reyburn na wenzake walifuatilia wagonjwa waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania wakitibiwa malaria kali, wakachapisha matokeo mwaka 2004: waliokutwa na vimelea damuni hawakufika nusu. Malawi, mwaka huohuo, uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliohesabiwa kufa kwa malaria ya ubongo, kwa vigezo vilevile vinavyofundishwa darasani, ulikuta 7 wameuawa na kitu kingine. Na Moshi, katika utafiti ulioongozwa na John Crump na kuchapishwa mwaka 2013, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa na homa, malaria iliandikwa kwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Hao wengine walikuwa na nini? Wapo waliokuwa na vijidudu katika damu. Wapo, tena zaidi ya robo ya watu wazima na watoto kwa pamoja, waliokuwa na homa zitokanazo na wanyama: brusela, homa ya Q, homa ya kupe, leptospira. Julai 2022, Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi ilipopata wagonjwa wa homa waliotokwa damu puani, watatu kati yao wakafa, nchi nzima ilishtuka na uvumi wa ugonjwa mpya ukaenea. Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni leptospira, homa ya Mgunda. Ugonjwa uliokuwa umehesabiwa Moshi miaka tisa kabla ulipokewa kama mgeni.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la wanaosema kwamba bila orodha daktari anazama. Tabibu wa kituo cha afya anayeona wagonjwa 60 kabla ya adhuhuri hawezi kuwa Burkitt kwa kila mmoja. Anahitaji kanuni fupi, na kanuni fupi huokoa maisha. Nakubali, tena bila kusitasita. Tazama kanuni ya nimonia ya watoto. Katika nyanda za juu za Papua New Guinea, Frank Shann na wenzake walihesabu pumzi za watoto wenye kikohozi, wakawafuata kuona nani alikuwa na nimonia kweli, na mwaka 1984 wakapendekeza vigezo ambavyo mhudumu asiye na eksirei anaweza kuvitumia. Kutokana na kazi ya namna hiyo ndiyo ikaja hesabu inayojulikana sasa na kila muuguzi wa kliniki ya watoto: mkalishe mtoto kwa mama akiwa ametulia, funua kifua, tazama saa kwa dakika nzima, pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, hiyo ni haraka. Tanzania na Uganda zilikuwa za mwanzo kabisa duniani kuuchukua mwongozo wa WHO na UNICEF unaokusanya nimonia, kuhara, malaria, surua na utapiamlo katika ukaguzi mmoja wa mtoto. Ulipopimwa, wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji zilizoutumia zilikuwa na vifo vya watoto pungufu kwa asilimia 13 kuliko Kilombero na Ulanga zilizolinganishwa nazo. Kwa hiyo silaumu orodha kwa kuwa fupi wala kwa kuwa orodha. Ya Shann ni fupi kuliko yoyote ya mtihani wa chuo kikuu, nayo ilitungwa baada ya kuwahesabu watoto waliokuwa wakihema mbele yake.

Wakati huo mtihani wenyewe ulikuwa unabadilika, kwa sababu nzuri. Mtihani wa zamani wa kitandani ulikuwa bahati nasibu: mmoja hupewa mzee mwenye maneno yaliyonyooka na moyo unaosikika toka mbali, mwenzake hupewa mgonjwa aliyechoka asiyetaka kusema. Mwaka 1963 Howard Barrows, wa Los Angeles, alianza kumfundisha mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa kwa mpangilio uleule kila mara. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, wakachapisha utaratibu wa vituo: mtahiniwa huzunguka kituo hadi kituo, dakika chache kila kimoja, kengele hulia, anahama, kila mtahini ana karatasi ya alama iliyoandikwa kabla, na wote hukutana na maswali yaleyale. Utaratibu huo umeenea hadi vyuo vyetu, na haki yake kwa mtahiniwa ni kubwa kuliko ya ule wa zamani. Anayetamani siku za kale asisahau kwamba alifaulu yeye. Wapo waliofelishwa na kitanda walichopangiwa. Lakini karatasi ya alama ina hatari yake. Kuandika "amefanya" au "hakufanya" kunahitaji jibu liwe limekubaliwa kabla, na jibu lililokubaliwa huwa vigumu kuliuliza lilitoka wapi.

Mfano ni mtoto mwenye homa kali, mikono ya baridi, mapigo dhaifu, na ukucha ambao ukiubana unachelewa kurudisha rangi. Jibu lililobeba alama kwa miaka mingi lilikuwa dripu ya haraka, maji mengi kwa muda mfupi. Lilitokana na hospitali za nchi tajiri zenye mashine za kupumulia na vyumba vya uangalizi mahututi. Kati ya 2009 na 2011 Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake walilipima katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo, kwa watoto 3,141. Wenye kuhara, utapiamlo mkali na majeraha ya moto hawakuhusishwa. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini kwa haraka, na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka. Waliowekewa maji ya kawaida tu bila ya haraka, walikufa asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Mtahiniwa aliyejibu vizuri alikuwa amejibu jambo linaloua watoto watatu zaidi katika kila mia, na hakuna karatasi ya alama ambayo ingemwambia.

Limebaki pingamizi la viwango. Daktari wa Muhimbili au wa Makerere anataka cheti kinachokubalika Muscat, London na Toronto, na ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa moyo popote. Tukianza kutunga mitihani ya kienyeji, tutarudi kule kule kwa kuitwa wasaidizi. Hofu hii inaeleweka kwa watu wenye historia ya Makerere. Lakini inachanganya vitu viwili. Namna ya kusikiliza moyo, kumhoji mgonjwa kwa staha, kunawa mikono, kusoma eksirei, hivyo havina nchi, na viulizwe kwa ukali uleule kote. Uwezekano wa kwamba homa hii ni malaria, leptospira au vijidudu katika damu una nchi, una mkoa, una hata msimu wa mvua. Mtihani wa London humuuliza mtahiniwa magonjwa ya London, na hakuna anayeuita wa kienyeji. Mwaka 1966 Maurice King alitoa kitabu kilichotokana na mkutano wa Makerere juu ya tiba katika nchi zenye kipato kidogo, kikamfundisha daktari wa wilaya kuanza na watu alionao, fedha alizonazo na magonjwa yaliyopo. Kilisomwa dunia nzima. Hakikumshushia mtu hadhi.

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mtihani, kamati za vyuo vyetu hukaa kuchagua vituo na maswali. Mara nyingi karatasi inayowekwa mezani kwanza ni ya mwaka jana. Ombi kwa wajumbe wa kamati hizo ni kwamba wakianza kikao waweke juu yake daftari la waliolazwa na la waliofariki katika hospitali yao kwa miezi 12, pamoja na majibu ya maabara pale yalipo, na swali lolote lisilo na mgonjwa wake humo litetewe na aliyelileta kabla ya kupitishwa. Na katika vituo vyote vya siku hiyo, kimoja kiwe cha mgonjwa ambaye jibu lake halijulikani hata kwa mtahini, alama zitolewe kwa namna mtahiniwa anavyolitafuta.